Kompyuta Mpya na Printa ya Zamani

Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu wa vyama vya msingi



Msimu uliopita nilikagua chama kimoja ambacho sitakitaja jina. Kamati ilikuwa imenunua kompyuta mpya yenye Windows 11. Siku ya kwanza ya ununuzi, printa ya riboni itoayo stakabadhi, ambayo haikuwa na kasoro yoyote, ilikataa kupiga hata herufi moja. Wakulima walirudi nyumbani na vipande vya karatasi vilivyoandikwa kwa mkono, nami nikakuta vipande 14 visivyolingana na daftari la mizani. Fedha hizo ni za wanachama, na hadi leo tunazitafuta.

Kosa lilikuwa wapi? Printa haizungumzi na kompyuta moja kwa moja. Kati yao yupo mkalimani, yaani programu iitwayo draiva, na kila mfumo endeshi una draiva zake. Ile iliyoandikwa kwa Windows kwa kawaida haifai katika Linux wala Mac. Hata ndani ya Windows yenyewe, draiva ya mfumo wa biti 32 haipokelewi na mfumo wa biti 64, na Windows 11 ni ya biti 64 tu. Mtengenezaji akiacha kuandika draiva mpya, chombo kizima huweza kuwa bubu.

Wapo watakaosema tubaki na Windows 10. Ndugu zangu, matengenezo yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nayo Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Katika Linux draiva nyingi zimo ndani ya kiini chake, hivyo vyombo vya zamani mara nyingi huendelea kutumika. Lakini baadhi ya printa husumbua, na programu ya hesabu iliyoandikwa kwa Windows pekee haihamii huko hivi hivi. Mimi siipigii debe.

Basi kabla kamati haijapitisha ununuzi, katibu aandike jina na namba ya aina ya kila printa na mizani, kisha muuzaji achapishe stakabadhi kwa printa ya chama mbele ya kamati. Asipoweza, asilipwe. Draiva ihifadhiwe katika flashi, ndani ya kasha la fedha. Mmecheka, lakini katika ukaguzi ujao nitaomba kuiona kabla sijafungua daftari la fedha taslimu.