Mwiko wa Mgonjwa Haufunguliwi kwa Kuandama Mwezi

(Mhadhara uliotolewa Mkwaja, wilaya ya Pangani, baada ya sala ya Laasiri, mwishoni mwa Shaabani)

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.



Tumekutana zikiwa zimesalia siku chache Shaabani imalizike. Katika siku hizi watu wengi wa mwambao wetu, tangu Tanga mjini hadi huku Mkwaja na Saadani, hushughulika na jambo wanaloliita vunja jungu. Leo hatukusudii kulizungumza kwa upande wa hukumu yake. Hilo lina mahali pake. Tunalitaja kwa kuwa ndilo linalofungua mlango wa msimu. Baada ya vunja jungu huja siku ishirini na tisa au thelathini za futari. Baada ya futari huja Idd, na baada ya Idd huja harusi za Mfunguo Mosi. Hazijapita siku sabini na ushei tangu Idd hiyo, Idd el Hajj nayo imebisha hodi. Mwenye kuhesabu tangu jungu la kwanza hadi nyama ya mwisho ya Mfunguo Tatu ataona kuwa ni takriban siku mia moja.

Sasa mtazameni mgonjwa wa sukari au wa presha. Daktari amemwambia apunguze wali, sukari, chumvi na mafuta. Ameshika mwiko wake vizuri tangu Mfunguo Nne hadi Rajabu, akapungua mwili, vipimo vikatulia. Mwezi ukikaribia anasema: hii ni sikukuu, nayo haidumu. Hesabu yake ina kasoro. Zaidi ya robo ya mwaka mzima haiitwi sikukuu.

Wala msidhani kuwa tunawazungumzia watu wachache. Uchunguzi wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa nchini mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionesha kuwa karibu mmoja katika kila kumi na mmoja ana kisukari, na mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu. Wengi wao hata hawakuwa wakijijua. Katika safu moja ya msikiti huu, basi, wamo.

Tulimshuhudia mzee wetu mmoja, mvuvi aliyekwisha kuiacha bahari, akianguka nje ya msikiti katika Ramadhani ya mwaka fulani kabla ya adhana ya Magharibi. Alikuwa anatetemeka, kijasho chembamba kinamtoka, maneno yake hayaeleweki. Vijana wakadhani ni swaumu imemkaza. Mkewe alipofika akasema kuwa mzee amemeza vidonge vyake vya sukari wakati wa daku, wala hakula, kwa sababu futari ya usiku ilikuwa bado imemjaa. Alitiwa maji ya sukari kinywani kidogo kidogo, akarejewa na fahamu, alhamdulillahi. Lakini nyote mnajua masafa ya kutoka hapa mpaka hospitali ya Pangani, na mto ulioko njiani. Lau hali hiyo ingemkuta saa nane za usiku, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Zingatieni kilichomwangusha. Alikula kupita kiasi wakati wa futari, akaiacha daku, akameza dawa juu ya tumbo lisilo na chakula kipya. Swaumu ya hapa kwetu si ndefu kama ya nchi za kaskazini ya dunia. Sisi tuko karibu na ikweta, na mchana wa kufunga ni saa kumi na tatu na kitu, mwaka nenda mwaka rudi. Madhara mengi kwetu hutokana na namna tunavyokula usiku. Mwaka 2001 madaktari walifuatilia wagonjwa wa kisukari zaidi ya elfu kumi na mbili katika nchi 13 za Waislamu. Katika mwezi wa Ramadhani, kwa wenye kisukari cha aina ya pili, kile cha ukubwani, matukio makali ya sukari kushuka yaliongezeka zaidi ya mara saba, na matukio makali ya sukari kupanda yakaongezeka mara tano. Kushuka na kupanda, yote mawili, katika mwezi mmoja! Wa mchana ameshuka kwa dawa na njaa, na wa usiku amepanda kwa kalimati.

Ndugu zetu, wako wanaodhani kuwa kujizuia na chakula fulani kwa ajili ya ugonjwa ni mambo ya kizungu yaliyoletwa na hospitali. Sivyo. Wanazuoni wetu wana neno lake, nalo ni himya, na sisi Waswahili tuna letu, mwiko. Dalili yake imo katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Ummul Mundhir, mwanamke wa Kiansari. Anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alimzuru nyumbani kwake akiwa pamoja na Ali (r.a.), naye Ali ndiyo kwanza ainuke katika maradhi. Nyumbani mle palikuwa na vishada vya tende vimetundikwa. Mtume (s.a.w.) akawa anakula, na Ali akainuka ale. Mtume akamzuia, akimkumbusha kuwa bado hajapata nguvu. Mama yule akapika shayiri na mboga ya majani, na Mtume akamwelekeza Ali ale hicho, kwani kinamfaa zaidi.

Tuikalie hadithi hii kidogo, maana imekusanya kila tunalolitaka leo. Chakula kilichozuiwa ni tende, nayo ni halali na ina baraka. Tena aliyezuiwa hakuzuiwa kwake, bali ugenini, mbele ya mwenyeji, na aliyemzuia anaendelea kula. Mwenyeji naye hakununa wala hakusema, "Mnakidharau chakula changu." Aliingia jikoni akapika kitu kingine. Ni nani kati ya mama zetu leo, akiambiwa na mgeni kuwa tambi za sukari hazimfai, atakayeinuka akamletea kunde za kuchemsha bila kisirani moyoni?

Hapo ndipo penye tatizo letu. Watu wa pwani ni wakarimu, na ukarimu ni katika mambo ya imani. Lakini ukarimu wetu una viapo ndani yake. Mgeni akiinua mkono kutoka kwenye sinia, mwenyeji husema: "Wallahi, hutoki hapa mpaka umalize!" Mgonjwa anaona haya. Anakula kwa kuogopa kuambiwa anajivuna, au kwa kuogopa ugonjwa wake usijulikane mtaani. Kisha anarudi kwake, na nyumba ya pili inamngoja na kiapo chake. Mtume (s.a.w.) aliwekewa nyama ya kenge wa jangwani, akaiacha kwa kuwa hakuizoea, na Khalid bin Walid (r.a.) akaila mbele yake. Hakuiharamisha wala hakuitukana. Abu Huraira (r.a.) naye ametusimulia kuwa Mtume hakuwa akikitia ila chakula: akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Kwa hiyo kukiacha chakula cha watu kwa maneno mazuri si utovu wa adabu. Kumwapia mgonjwa ale kinachomdhuru ndiko kunakohitaji kutazamwa, na aliyeapa kiapo cha namna hiyo kwa kukusudia na ale chakula yeye, kisha atoe kafara ya kiapo chake.

Tuje kwenye ruhusa ya kutokufunga. Qur'ani katika Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya wazi. Mwaka 2009 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha 19 kilichofanyika Sharjah, lililizungumza jambo la mgonjwa wa kisukari hasa, likawagawa wagonjwa mafungu manne kwa ushauri wa madaktari. Mafungu mawili ya kwanza, wale ambao hatari kwao ni ya yakini au dhana ya nguvu, hawafai kufunga. Mafungu mawili yaliyobaki hali yao ni nyepesi zaidi, na daktari ndiye atakayeeleza. Kwa hiyo yule anayechomwa sindano mara nyingi kwa siku, aliyepatwa na kuanguka katika miezi ya karibuni, mwenye figo zilizodhoofika, na mjamzito mwenye kisukari, wasijipime kwa jirani anayefunga na ana sukari kama wao. Maradhi yana daraja. Asiyetarajiwa kupona ana fidia, na mwenye kutarajiwa ana kulipa siku nyingine. Kutoboa kidole kwa ajili ya kupima sukari hakubatilishi swaumu. Anayeogopa kupima mchana kwa dhana hiyo na aondoe hofu. Na kipimo kikionesha chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6, mwongozo wa madaktari ni kufungua papo hapo, hata kama imebaki nusu saa.

Kwa wale walioruhusiwa kufunga, maneno yetu ni juu ya futari. Sunna ni kuharakisha kufuturu, kwa tende mbichi, zikikosekana tende kavu, zikikosekana maji. Tende moja ndogo kavu ina sukari ya gramu 4 au 5. Moja yatosha kwa mgonjwa, na maji yasiyotiwa kitu. Kisha asali Magharibi. Mapumziko yale ya sala yana faida kubwa kwa mwenye pupa, maana akirudi njaa imekwisha kutulia.

Kosa kubwa mkekani ni kudhani kuwa sukari ni ile tu inayouma meno. Mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi, tambi, vitumbua, mkate wa kumimina na uji vyote hivyo ni wanga, na wanga ukifika tumboni hugeuka sukari. Mtu anajisifu kuwa hakugusa kalimati, na mbele yake pana bakuli la mihogo, bakuli la magimbi na kikombe cha uji. Achague kimoja, kiasi cha ngumi yake. Mahali pa vingine pakae samaki, ambao Mwenyezi Mungu ametupa mlangoni petu, na mbaazi au kunde, na mchicha au kisamvu. Tui liwe jepesi, na mwenye presha apunguziwe chumvi kabla chungu hakijatiwa kwa ajili ya wote. Soda iachwe kabisa. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina sukari ipatayo vijiko vinane vya chai, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015 linapendekeza mtu mzima asizidi gramu 50 za sukari ya kutiwa kwa siku, na zikiwa 25 ni bora zaidi. Chupa hiyo moja peke yake imekwisha kupita 25.

Na sinia! Tunapokula watano katika sinia moja hakuna ajuaye amekula kiasi gani, na huo ndio mtihani wa mgonjwa kwenye pilau la Idd. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Umar bin Abi Salama, naye ni mtoto, ale kilicho mbele yake. Mgonjwa na aishike adabu hii: auchore upande wake kwa jicho, ale theluthi yake, kisha asogeze mkono. Au atengewe sahani, wala asione haya. Siku ya Idd anayezuru nyumba saba na ale katika moja, na sita zilizobaki anywe maji na awaombee dua wenyeji. Hawezi kuikwepa siku yenyewe kwa kufunga, kwani kufunga siku ya Idd ni haramu, na siku tatu za Tashriq ni siku za kula na kunywa. Kula kumeamrishwa, kushiba mpaka kupumua kwa shida hakukuamrishwa. Ile hadithi ya theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi haikuvuliwa siku za Idd.

Nyama ya Idd el Hajj nayo ina njia nyepesi. Anayechinja na agawe, kama ilivyo Sunna, siku ile ile. Nyama iliyokaa nyumbani ndiyo inayoliwa siku nne mfululizo asubuhi na jioni pamoja na mafuta yake.

Daku isiachwe, na icheleweshwe karibu na alfajiri. Dona na kunde hukaa tumboni kuliko maandazi na chai ya sukari. Na dawa zisibadilishwe kwa ushauri wa jirani, wala kwa ushauri wetu sisi walimu. Mwenye vidonge au sindano aende zahanati katika siku hizi zilizobaki, amweleze mganga kuwa anakusudia kufunga, aulize dawa ya asubuhi itahamia wapi na ya jioni itakuwa kiasi gani. Anayeishi peke yake amwambie jirani mmoja habari ya ugonjwa wake, na aoneshe sukari inapowekwa.

Maswali ya kina mama yaliyoletwa kwa vikaratasi tutayasoma baada ya Magharibi. Wabillahi tawfiq.