Kemo Kabla ya Kisu

Hapa London, kemo ikitajwa majumbani mwetu watu huanza kunong'ona. Wengi huamini kwamba mgonjwa akifikishwa kwenye dawa hiyo, basi madaktari wameshakata tamaa. Kwa saratani ya kibofu cha mkojo iliyoingia kwenye msuli, mambo ni kinyume kabisa: dawa hutangulizwa kwa sababu kupona bado kunatafutwa.

Saratani ikifika kwenye msuli, huenda chembe zake zimeshasambaa mwilini, ndogo mno hata picha za hospitali hazizioni. Kisu huondoa kibofu, lakini chembe hizo hakizifikii.

Kati ya 1989 na 1995, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na wenzao wa nchi kadhaa waliwafanyia utafiti wagonjwa 976. Baadhi walipewa kwanza dawa tatu, sisplatini ikiwamo. Wengine walikwenda moja kwa moja kwenye upasuaji au mionzi. Miaka 10 baadaye, waliotangulizwa dawa walikuwa hai 36 katika kila 100. Wa upande wa pili, 30. Atakayesema sita ni wachache, nami simkubalii. Hao ni wazazi wa watu.

Sisplatini lakini ni kali kwa figo. Siku ya dawa mgonjwa hutundikiwa dripu za maji ya chumvi kwa saa kadhaa, na kila akikojoa muuguzi huupima mkojo. Wengine huachiwa ganzi vidoleni au mvumo masikioni. Mwenye figo dhaifu huenda asipewe kabisa, na uvimbe wenyewe ukiachwa huweza kuziba njia ya mkojo na kuziharibu figo. Kuchelewa kunatunyang'anya dawa.

Hata hapo ipo njia nyingine. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2012, wenye wagonjwa 360, ulichanganya mionzi na dawa mbili ambazo figo huzivumilia zaidi. Baada ya miaka miwili, 67 katika 100 hawakuwa na saratani kibofuni wala jirani yake, dhidi ya 54 katika 100 ya waliopata mionzi peke yake. Na wengi wao walibaki na kibofu chao.

Sasa nasema na waliokulia Pemba au Kwale. Kichocho cha miaka mingi huweza kuzaa saratani ya kibofu ya aina nyingine, isiyoitikia vizuri dawa hizi, na hapo upasuaji ndio tegemeo kubwa. Kipimo cha kinyama kinachotolewa kibofuni ndicho kinachozitofautisha.

Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, usiseme ni kichocho cha zamani tu. Nenda kwa daktari wiki hii, umweleze ulikulia wapi na ulioga kwenye maji gani. Saratani ikionekana imeingia kwenye msuli, muulize: figo zangu zinaruhusu nianze na dawa?