Mipaka ya Kazi Kabla ya Mkataba

(Maneno aliyoyasema mtoa mada katika semina ya makatibu wa vyama vya msingi)



Nimeombwa niseme machache juu ya vyama vyetu kununua programu za kompyuta za kuendeshea biashara. Sitazungumzia mashine. Nitazungumzia karatasi inayopaswa kuandikwa kabla ya mashine kuwashwa, yaani karatasi ya mipaka ya kazi.

Mwaka 2001 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilianza kutengenezewa programu ya kutunzia majalada ya kesi, iliyoitwa Virtual Case File. Mkataba ulitangulia, mahitaji yakafuata. Na kazi ilipokuwa ikiendelea, mahitaji hayo yakabadilishwa mara kwa mara. Mwaka 2005 mradi uliachwa, baada ya dola zipatazo milioni 170 kutumika. Ikiwa shirika lenye fedha na wataalamu lilipata hasara hiyo, sembuse chama kinachoishi kwa ushuru mdogo wa kila kilo?

Ndugu zangu, karatasi ya mipaka ijibu maswali matano.

Kwanza, tunatibu ugonjwa gani? "Tunataka kwenda na wakati" si jibu. "Mkulima huchelewa kulipwa kwa sababu karani hunakili stakabadhi ile ile mara tatu" ni jibu.

Pili, nini kimo na nini hakimo? Tuseme yamo mapokezi ya mazao, stakabadhi, makato ya pembejeo na malipo. Mishahara ya watumishi haimo, wala hesabu za duka la chama. Yasiyokuwamo nayo yaandikwe, maana jambo lisiloandikwa mnunuzi hudhani limo na muuzaji hudhani halimo. Ugomvi huanzia hapo.

Tatu, nani atahamisha kumbukumbu za zamani? Daftari la wanachama lina majina yaliyoandikwa mara mbili, na wengine wamekwisha kufariki. Kompyuta haisafishi daftari. Hulipokea na makosa yake. Kazi hii ipewe mtu na ipewe siku.

Nne, tutajuaje kwamba kazi imekamilika? Wekeni kipimo. Mkulima ameleta kilo 86, bei ni shilingi 5,000 kwa kilo, anadaiwa pembejeo za shilingi 60,000. Programu lazima ionyeshe mauzo ya shilingi 430,000 na malipo ya shilingi 370,000. Kisha zimeni umeme katikati ya kupima, mwone kama uzani uliokwisha kuandikwa umesalimika. Fungu la mwisho la fedha lisilipwe kabla ya majaribio hayo kufaulu.

Tano, mabadiliko yatapitia wapi? Hayakosekani, lakini karani asimnong'oneze fundi pembeni. Ombi liandikwe, gharama na siku zitakazoongezeka zitajwe, na Bodi iamue.

Tena, mkataba useme wazi kwamba kumbukumbu ni za chama, na kwamba tukiachana na muuzaji atazikabidhi zote katika hali ya kusomeka. Kwa Tanzania, ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majina na namba za simu za wanachama si bidhaa ya kugawa.

Nani aiandike karatasi hii? Asiachiwe muuzaji peke yake, kwa kuwa yeye anauza. Katibu akae na mpimaji, mtunza ghala, mhasibu na wakulima wawili watatu, waifuate safari ya gunia moja tangu mizani hadi malipo. Isomwe mbele ya wanachama kwa lugha wanayoielewa. Ikiwashinda kuielewa, haijawa tayari kutiwa sahihi.

Ndugu wanachama, fedha itakayolipia programu hiyo imetoka shambani. Kurasa mbili tatu zilizoandikwa kwa uangalifu ni gharama ndogo ya kuilinda.