Mji Unaouchagua Ni wa Saa Ngapi?

Siku hizi, msikilizaji, ukikaa na vijana wanaofanya kazi kwa mtandao, wale wanaoandika programu, wanaohariri video, wanaopokea simu za wateja wa kampuni iliyoko ng'ambo, mazungumzo hayachukui muda kabla hayajafika kwenye kuhama. Dar es Salaam imewachosha. Ofisi imo kwenye kompyuta mpakato, sasa kodi ya Sinza au Mikocheni ni ya nini? Mmoja ataitaja Moshi kwa ajili ya mlima. Mwingine Tanga, anataka bahari isiyo na makelele. Wa tatu Iringa, kisa baridi. Na Morogoro nayo imeingia kwenye orodha kwa kishindo tangu treni ya reli ya kisasa ianze kubeba abiria mwezi Juni 2024, kwani ukiwa na kikao Dar unafika kwa muda wa saa mbili hivi na jioni unarudi kulala chini ya Uluguru.

Sababu hizo zote ni nzuri, na zote ni za mchana. Hapo ndipo ninapoachana nao.

Tuchukue saa ya ukutani. Sisi hatuigusi mwaka mzima. Wamarekani na Waingereza wanaisogeza mara mbili kwa mwaka. Mwajiri wako akiwa New York, anapoingia ofisini saa tatu asubuhi kwako ni saa kumi jioni, na wakirudisha saa nyuma mwezi Novemba inakuwa saa kumi na moja. Yaani unaanza kazi mama ntilie akiwa anaosha masufuria, unamaliza saa sita usiku, au saa saba. Wa California ana kibarua kigumu zaidi: anaingia saa moja au saa mbili usiku, anatoka saa tisa usiku au saa kumi alfajiri. Mwenye nafuu ni wa London, anayeanza saa tano asubuhi au saa sita mchana. Hata akichelewa kumaliza, wenzake bado wako macho wanakunywa chai ya usiku.

Basi mfikirie huyu wa California aliyehamia Moshi kwa sababu ya Kilimanjaro. Mlima ule una tabia yake, wenyeji wanaijua: hujitokeza alfajiri, asubuhi ikishakomaa unajifunika mawingu. Yeye ndiyo kwanza amepanda kitandani. Atakapoamka saa saba mchana, ataoneshwa mawingu.

Mtu wa namna hii anahamia kwenye usiku wa mji, lakini mji wenyewe aliuona mchana, tena siku ya Jumamosi, akiwa na dalali. Hakuuliza saa nne usiku anapata wapi chakula. Hakuuliza kama bajaji inakubali kuingia mtaa ule baada ya saa tatu, na kwa bei gani. Hakujua kwamba nyuma ya ile nyumba tulivu kuna baa inayofungua spika Ijumaa, au uwanja wa mikesha ya maombi, naye anatakiwa awe kwenye kikao cha video, kipaza sauti kimewashwa, akieleza hesabu za robo mwaka. Halafu mchana, anapotaka kulala, shule ya msingi inatoka mapumziko, fundi wa mageti anachomelea vyuma, na mashine ya kusaga inanguruma hadi jioni. Kwa mfanyakazi wa kawaida vitu hivyo si kero, kwa sababu saa hizo hayupo nyumbani.

Na kosa hilo halirekebishiki upesi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka, na dalali naye anasubiri ya mwezi mmoja. Ukishalipa, umefungwa. Kwa hiyo nenda ukaione nyumba saa mbili usiku, kisha urudi kesho yake saa nne asubuhi, ukae uani bila kuzungumza. Dalali atakuona mtu wa ajabu. Mwache.

Kuhusu intaneti, nadhani watu wanaulinganisha mji na mji wakati tofauti kubwa iko kati ya mtaa na mtaa. Nyaya za mkongo zinaweza kupita barabara kuu na zisiingie kwenye uchochoro wako, na hapo utabaki na bando la simu. Hitilafu kubwa kabisa, kwa upande wake, haichagui mji. Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kwa mkupuo, na nchi nzima ikahangaika. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatika nchi nzima kwa siku kadhaa. Wa Arusha na wa Mtwara wote walikosa kazi. Umeme una historia yake pia. Wazee wa Unguja wanakumbuka miezi mitatu ya giza, kuanzia Desemba 2009, waya wa chini ya bahari kutoka Bara ulipoharibika. Waya mwingine uliongezwa baadaye, ila mtu anayetaka kupeleka kazi yake kisiwani ana haki ya kuuliza jirani ana jenereta au la.

Majirani nao ni suala. Kijana anayelala hadi saa saba mchana, taa inawaka hadi alfajiri, hana ofisi, hana duka, na kila mwezi ana hela: mtaani huyo ana jina, na si jina zuri. Dar hakuna mwenye muda naye. Kwenye mji mdogo, siku ya kwanza kabisa, hata kabla ya kufungua masanduku, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na barua ya utambulisho, umweleze kazi yako kwa lugha nyepesi. Atawaelezea wengine, na atawaelezea vizuri kuliko wewe.

Nikiombwa kugawa miji, wa London ningempeleka Tanga bila kufikiri mara mbili. Asubuhi ni yake, bahari ipo. Wa New York, Morogoro, au Iringa kama anajua kujipikia, maana ubaridi wa Iringa ni zawadi kwa anayechelewa kuamka, ingawa Julai atafanya kazi amejifunika blanketi. Wa California, pamoja na kuchoka kwake kote, ningemwambia abaki Dar, atafute mtaa wenye chipsi za saa nane usiku na chumba chenye kiyoyozi.

Na wote watatu wausome mkataba. Kama mwajiri ana ruhusa ya kubadilisha zamu akitaka, kodi ilipwe ya miezi mitatu tu, hata dalali akinuna.