Njia ya Maporomoko Katika Majira Yote

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bungu, Korogwe



Sina budi kuanza kwa shukrani. Kamati iliponiandikia kuniomba nizungumze, nilidhani ningetakiwa kueleza habari za utumishi serikalini, jambo ambalo lingewalaza usingizi wote waliokula wali mchana huu. Lakini Katibu aliandika hivi: "Zungumza habari ya kutembea mlimani, maana tunasikia kila likizo unaonekana na fimbo mkononi kama mchungaji aliyepotelewa na mbuzi." Basi nimekuja kuzungumza habari hiyo. Nina jambo moja tu, nami nitalisema mapema ili atakayesinzia asilikose: mlima haujulikani kwa kutembelewa mara moja. Ukitaka kuujua, pita njia ile ile katika majira yote ya mwaka, na kila upitapo uyatazame maji yake.

Njia ninayoisema mnaijua. Inaanzia nyuma ya uwanja wa mpira, inapita migombani, inaingia msituni, kisha inateremka hadi kwenye maporomoko tuliyokuwa tukioga kila Jumamosi. Hayana sifa ya maporomoko ya Soni, ambayo kila apandaye gari kutoka Mombo kwenda Lushoto huyaona. Yetu ni madogo, na mgeni anaweza kupita karibu asijue yapo. Lakini kwa muda wa miaka minne yalikuwa bafu letu, na mara nyingine darasa letu la Jiografia.

Jua linapovuka ikweta kwenda kaskazini, mkanda wa mvua hulifuata. Linaporudi kusini mwishoni mwa mwaka, mkanda ule hupita tena. Ndiyo sababu sisi tuna masika na vuli, wakati wenzetu wa Dodoma, ninakofanya kazi, wana msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba mpaka Aprili. Mtu wa Bungu akihamia Dodoma hujiona kama aliyepunjwa mvua.

Nianze na masika, Machi hadi Mei. Huu ni wakati wa matope, na njia yetu huteleza kama iliyopakwa sabuni. Kila korongo lina maporomoko, hata kingo za barabara zina maporomoko. Atembeaye masika na aondoke asubuhi, awe na fimbo, na ashike kanuni moja: ukiona maji ya kijito yamebadilika rangi, au yanaleta majani na vijiti, usivuke, hata kama pale uliposimama jua linawaka. Mvua yaweza kuwa inanyesha juu usikokuona.

Kisha huja kipupwe, Juni mpaka Agosti, wakati wa baridi na ukungu. Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi, hukutana na ukuta wa milima yetu, hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu. Simama chini ya mkulo mkubwa asubuhi moja ya Julai. Mvua hainyeshi, lakini mabega yako yanalowa. Toka hatua chache hadi mahali peupe, utakuta vumbi ni kavu. Majani na matawi ya miti, vyote hivyo vinaukamua ukungu na kuudondosha chini tone baada ya tone. Hiyo ni mvua ambayo msitu huichuma wenyewe, na pasipo msitu haichumwi.

Wakati huo huo, penye mwamba wa kivuli karibu na maji, mtu mwenye bahati ataliona ua dogo la rangi ya zambarau, urujuani wa Usambara. Mtawala mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta katika milima hii mwaka 1892 akalipeleka kwao, na wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina lake. Leo liko madirishani duniani kote, na watu hulimwagilia maji kwa kijiko. Kwao huko linamhitaji bibi mwenye subira. Kwetu linahitaji mwamba, kivuli na unyevu, basi. Kivuli kikiondoka, nalo huondoka.

Baadaye huja kiangazi, Septemba hivi, na tena Januari na Februari wakati wa kaskazi. Wageni husema huu ndio wakati mzuri wa kutembea, na kwa miguu ni kweli: njia ni kavu, na kutoka ukingoni unaona Korogwe kule chini, penye mita 300 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na tambarare za Handeni ng'ambo ya mto. Lakini mimi nasema kiangazi ni wakati wa mtihani. Masika kila mlima hufaulu. Wakati wa kiangazi ndipo unapojulikana mlima wenye akiba na mlima uliotumia zote.

Ndugu zangu, hili sikulisoma kitabuni. Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha tatu. Wenye umri wangu mnakumbuka ukame wa mwaka ule, ulivyopunguza chakula na umeme nchi nzima. Bomba la shule lilikauka, tukagawiwa ndoo. Makorongo yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la maporomoko yetu, na kichwa chake kilikuwa kimefunikwa na msitu. La pili lilikuwa karibu zaidi na shule, lakini kichwa chake kilikuwa kimefyekwa zamani kwa mahindi. Lile la karibu tulilikuta limebaki mawe matupu. Tukalazimika kwenda mbali, kwenye maporomoko, na hapo maji yalikuwapo. Mwalimu wetu wa Jiografia alitwambia tukinge debe na tuhesabu polepole. Kabla hatujafika ishirini, debe limejaa.

Mwishoni mwa mwaka ule ule zikaja mvua za El Niño, zikaendelea mpaka mwaka 1998. Sasa sikilizeni ajabu yake. Korongo lililokuwa limekauka ndilo lililofurika. Lilikuja jekundu, limebeba mawe na migomba, likachukua daraja la magogo, na nusura lichukue mwenzetu mmoja ambaye yuko hapa leo. Sitamtaja jina, maana mwenyewe anajua ni mkanda wa suruali ya nani uliomwokoa. Korongo la maporomoko lilijaa pia, likanguruma usiku kucha, lakini halikubomoa kitu, na baada ya siku mbili maji yake yalikuwa meupe.

Mwalimu akatuuliza kwa nini korongo moja limekauka na kufurika katika mwaka mmoja. Tukajibu mambo mengi, hata uchawi tuliutaja. Akasema ugonjwa ni mmoja. Penye msitu, tone la mvua huangukia majani kwanza, halafu takataka za majani zilizolala chini, halafu udongo uliolegezwa na mizizi. Huingia ardhini na kutoka polepole, wiki na miezi baadaye, kwenye chemchemi. Penye ardhi tupu, tone huupiga udongo na kuuziba, na maji hukimbia juu juu. Yale yaliyokimbia masika ndiyo yale tusiyoyaona kiangazi. Hayakupotea mara mbili, yalipotea mara moja tu.

Wazee wetu wa Kisambaa hawakusoma Jiografia, lakini walikuwa na maneno mawili ya kuhukumia mambo ya nchi. Kuzifya shi ni kuiponya nchi, na kubana shi ni kuiharibu. Watawala wa Vuga walipimwa kwa maneno hayo, na mvua ilikuwa ndani ya kipimo. Leo hatuna mtawala wa kumlaumu mvua isiponyesha. Kila mwenye jembe na kila mwenye msumeno ama anaiponya nchi ama anaiharibu.

Tena maji haya si ya Bungu peke yake. Yashukie bonde la Lwengera, yashukie upande wa Mombo, mwisho wake ni mto Pangani. Mto huo ndio unaozungusha mitambo ya Hale, iliyojengwa mwaka 1964 kwa uwezo wa megawati 21, na ile ya Pangani mpya ya mwaka 1995 yenye megawati 68. Nyingi ya maji ya Pangani ni ya Kilimanjaro na Meru, sitaki kuwapa sifa isiyo yenu. Lakini Usambara nayo hutoa mchango wake.

Sasa nafika mahali penye aibu, na aibu ni yangu. Katika kazi yangu nimeshiriki kutayarisha barua nyingi za kuwakumbusha watu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwaka jana, Septemba, nilikuwa likizo, nikaipita njia yetu. Maporomoko yalikuwa yamekonda. Nilikinga debe kama zamani, nikahesabu hadi sitini ndipo likajaa. Nikapanda kutazama huko juu kuna nini, nikamkuta mzee jirani yetu amekaa kivulini. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza, "Mwanangu, zile barua za mita sitini ndizo zinatoka ofisini kwenu?" Nikasema, "Ndizo, baba." Akasema, "Basi njoo tupime."

Tulipima kwa miguu, kutoka ukingo wa kijito mpaka mti wa kwanza. Hatua ishirini na mbili. Na ile ilikuwa mikaratusi yangu mimi. Niliipanda mwenyewe mwaka 2008 katika kiunga alichoniachia marehemu baba, baada ya kusikia kwamba nguzo za umeme zina fedha. Mkaratusi hunywa maji sana, hilo nilikuwa nalijua hata siku ile niliyochimba mashimo. Yule mzee hakunisema zaidi. Alinikaribisha miwa, na miwa ile ilikuwa michungu kuliko karipio.

Najua debe moja la siku moja si ushahidi. Labda vuli iliyotangulia ilikuwa haba, labda kuna wengine walioko juu zaidi kuliko mimi. Lakini nilijiuliza: miaka ishirini na zaidi tangu mwalimu atufundishe kuhesabu, nani kati yetu amehesabu tena? Hakuna. Tungekuwa na hesabu ya kila mwezi tangu wakati ule, leo nisingekuwa nabahatisha.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta mapendekezo matatu.

La kwanza, umoja wetu uwe na matembezi manne kila mwaka, masika, kipupwe, kiangazi na vuli, kwa njia ile ile, pamoja na wanafunzi wa sasa. Wenye magoti mabovu waje mpaka migombani, watupikie uji.

La pili, shule iwe na daftari la maji. Kila mwezi, siku ile ile, mahali pale pale, debe moja na saa ya mkononi. Gharama yake ni daftari na kalamu. Baada ya miaka kumi, vijana hawa watakuwa na habari za mlima wao ambazo hakuna ofisi yoyote inayo.

La tatu, kila mmoja wetu mwenye shamba kando ya kijito aanze na shamba lake. Nasema aanze mwenyewe, sisemi alazimishwe. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru wazee wetu wachimbe matuta kuzuia mmomonyoko, na asiyechimba alitozwa faini. Wazee walikataa, na mpango ule ukafa. Hawakuuchukia udongo wao, bali waliichukia amri iliyotolewa na watu wasioishi nao. Mimi nakaa Dodoma, na nikija hapa na barua peke yake, nastahili jibu lile lile.

Mikaratusi yangu nimeikata, kwa kibali. Penye visiki nimepanda misambu na mikulo, na mkuyu mmoja karibu na chemchemi kwa ushauri wa yule mzee. Msidhani maji yamekwisha kurudi. Miche haijanifika magotini, na mkulo hauna haraka. Huenda watakaokaa kivulini pake ni wajukuu wa vijana hawa waliokaa mstari wa nyuma. Lakini vuli hii nilipopita, udongo chini ya miche ulikuwa umelala majani, na mbuzi wa jirani walikuwa wamekula miche minne tu.

Kesho, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nitakuwa nyuma ya uwanja wa mpira. Debe ninalo. Anayetaka kuhesabu na aje.