Kipa Aliyedhaniwa Amekwisha
(Maongezi na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Kariakoo)



Leo tuache mizani na bei za sokoni, tuongee mpira. Hapa Kariakoo Simba wana jengo lao Mtaa wa Msimbazi, na Yanga wako Jangwani, mwendo wa miguu tu. Kipa Juma Kaseja amedakia kote kuwili.

Mwaka 2003, akiwa kijana mdogo, alisimama golini Simba ilipokwenda Cairo kucheza na Zamalek, mabingwa wa Afrika wakati ule. Simba ilikuwa imeshinda 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 kule. Ikaja mikwaju ya penalti, Simba ikashinda 3-2. Bingwa akatolewa nyumbani kwake!

Lakini kazi ya kipa haina huruma. Mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga mara moja, anabebwa juu juu. Kipa akiokoa mara tano na kukosa mara moja, eti katuuza. Desemba 2013 Kaseja alikuwa Yanga, Simba ikawafunga 3-1, lawama zikamwangukia yeye. Maneno yakawa: huyo amekwisha, ni mzee.

Maneno hayo tunayajua. Ndiyo yanayowatoa watu wazima darasani kwa aibu, mtu ana wajukuu na bado anashika kalamu.

Kaseja hakuacha kazi. Alipita Mbeya City, Kagera Sugar, kisha KMC ya Kinondoni. Huko hakuna kelele za Msimbazi, bali mazoezi ni yale yale: kudaka, kuruka, kuanguka, kuinuka.

Mwaka 2019, akiwa na miaka 34, akaitwa tena Taifa Stars. Tarehe 4 Agosti, Nairobi, Tanzania na Kenya zilitoka 0-0, tukashinda penalti 4-1. Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Burundi, hapa Dar es Salaam. Penalti zikawa 3-0. Wageni hawakupata hata moja.

Aliwezaje? Winga akizeeka miguu humkimbia. Kipa hutumia macho: anausoma mguu wa mpigaji kabla mpira haujaondoka. Kusoma huko hakuji kwa siku moja, na hakuibiwi.

Mwaka 2022 alipewa kazi ya kuwafundisha makipa wa Taifa Stars.

Haya, maswali. Na watu wa Yanga nao waruhusiwe kuuliza.