Tule Gawio, Mbegu Tuiache

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu mkuu, Namtumbo)



Naanza kwa kukiri kosa. Mwaka 2019 nilikuwa mweka hazina wenu. Tulichanga, tukapaka rangi bweni zima, tukapiga picha. Leo asubuhi nimepita pale: rangi imebanduka, na fedha haikubaki hata senti. Mwaka uleule mtoto wa kidato cha tatu alirudi kwao kwa kukosa mchango wa chakula. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, ikafutwa kidato cha tano na sita mwaka 2022. Sare, nauli na chakula vimebaki kwa mzazi. Fedha ya tumbaku huja kwa msimu, mtoto hula kila siku.

Ndugu zangu, Ufaransa wana mifuko ya uwekezaji wanayoiita ya kugawana. Wa kwanza ulianzishwa mwaka 1983 kwa juhudi za shirika la Kikatoliki la CCFD. Mwenye akiba huweka fedha zake, mtaji hubaki wake, ila sehemu ya mapato, tuseme nusu, huikabidhi kwa kazi ya kupambana na njaa.

Nasi tunaweza kufanya hivyo kwa mkono wetu. Tangu Mfuko wa Umoja uanze mwaka 2005, UTT ya serikali, ambayo leo ni UTT AMIS, huuza vipande kwa watu na vikundi. Mfuko wa Jikimu, ulioanza mwaka 2008, hugawa gawio. Sikuja kuwauzia vipande. Mwajiri wangu ni mwingine kabisa. Wala gawio halina dhamana, na bei ya kipande hupanda na kushuka.

Tuchukue mfano. Tukiweka shilingi 6,000,000, na mwaka ukazaa asilimia 10, tunapata 600,000. Nusu iende kwa watoto waliokwama. Nusu irudi kwenye mtaji, maana bei za vitu hazitusubiri. Mtasema 300,000 ni ndogo. Kweli ni ndogo, haifikii hata pilau ninayoisikia harufu yake sasa hivi. Lakini mwakani tutakuwa na nyingine.

Hofu yangu si soko, ni sisi wenyewe. Utatokea msiba, au harusi ya mkubwa, na mtu atasema tukope kidogo. Mama zetu walitundika mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jiko, na hata ghala likiwa tupu, hatukuthubutu kuyagusa.

Kwa hiyo napendekeza: kipande kisiuzwe bila theluthi mbili ya kura za mkutano mkuu, watia sahihi wawe watatu, mweka hazina asiwe peke yake, hata akiwa mimi. Watoto wachaguliwe na walimu, na majina yao yasisomwe paredi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.